Uliza Tukujibu: Kuhamia pasipo na chama chako

Maswali ya safari hii yanahusu Mtwara na Lindi, na wote walioandika wana wasiwasi wa aina moja: wamepata nyumba au shamba, ila siasa za mahali hapo si zao. Majina ya waulizaji tumeyaacha kwa makusudi.

Shikamooni wahariri. Mume wangu amehamishiwa Mtwara mjini kikazi. Tumeona nyumba mbili, moja Shangani na nyingine Chikongola. Dalali anasema hiyo ya pili iko kwenye "mtaa wa wapinzani" na sisi watu wa kijani hatutaelewana nao. Kwetu kadi ya CCM ni ya tangu kwa baba. Tumsikilize? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Marahaba, mama. Kwanza mwulize dalali nyumba ipi kati ya hizo mbili ndiyo yenye ufunguo mfukoni mwake. Malipo yake kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na dalali mwenye nyumba mkononi hakosi sababu ya kuiponda ya mwenzake.

Maneno ya "mtaa wa fulani" yana historia. Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, na uchaguzi wa 2015 jimbo la Mtwara Mjini likaenda CUF, kama lilivyokwenda Tandahimba. Mwaka 2020 jimbo likarudi CCM. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 na ule wa 27 Novemba 2024, CCM ilichukua karibu viti vyote nchi nzima. Kwa hiyo leo ukiingia ofisi ya mtaa, iwe Shangani au Chikongola, mwenyekiti utakayemkuta karibu hakika ni wa chama chenu. Majirani wana mioyo yao, lakini hao wako kila mtaa. Tena ugomvi mkali wa miaka hii mara nyingi hauko kati ya kijani na rangi nyingine. Uko ndani ya kijani chenyewe, kati ya makundi yaliyobaki na vidonda vya kura za maoni za kuteua wagombea. Mwenye kadi akihamia katikati ya makundi hayo huulizwa "wewe wa nani?" mapema kuliko asiye na kadi.

Acheni chama, pimeni uongozi. Kabla ya kulipa, nendeni ofisi ya mtaa siku ya kazi asubuhi mkasome ubao wa matangazo. Tafuteni taarifa ya mapato na matumizi na tangazo la mkutano wa wakazi, kisha muangalie tarehe. Karatasi za miezi mitatu iliyopita zinaonyesha mtaa unaokwenda. Mkikuta ubao mzima ni orodha za wapiga kura zilizopauka kwa jua, ofisi hiyo huamka wakati wa kura tu. Kisha kaeni kwenye genge la jirani, nunueni nyanya, muulize mambo ya kawaida: taka huzolewa siku gani na hela anakusanya nani, ulinzi wa usiku unachangiwa kiasi gani, mkutano wa mwisho ulikuwa lini. Sikilizeni namna ya kujibu kuliko jibu lenyewe. Mwuza genge akijibu huku anaendelea kupanga mafungu yake, mtaa huo mnaweza kuishi. Akitazama nyuma kwanza na kushusha sauti, mahali hapo kuna jambo, na huenda halihusiani na chama chochote.

Baada ya hapo rudini kwenye nyumba yenyewe. Shangani iko ufukweni na hewa ya chumvi hula mabati, misumari na nondo za madirisha, kwa hiyo pandeni juu mwangalie paa. Kokote mtakakochagua, ulizeni maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa wiki na kama mita ya LUKU ni ya kwenu au mnachangia na wapangaji wengine. Kama safari inaruhusu, mwone nyumba kati ya Januari na Machi mvua ikinyesha, mjue maji ya barabarani yanaelekea wapi. Mita ya kuchangia huleta magomvi kila mwezi. Uchaguzi huja mara moja kwa miaka mitano.

Mimi ni fundi umeme, nimehamia Lindi mjini kutoka Masasi. Benki wanataka barua ya utambulisho. Mjumbe wa nyumba kumi amesema hanitambui kwenye shina lake mpaka nilete kadi ya chama. Sina kadi hiyo na sitaki kudanganya. Nifanyeje?

Kaka, umebisha mlango usio wa serikali. Balozi, au mjumbe wa nyumba kumi kama wengi wanavyomwita, ni ngazi ya chama iliyoanza enzi za TANU. Wakati wa chama kimoja kazi za chama na za serikali zilikuwa mkono mmoja, lakini tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 balozi amebaki kiongozi wa shina la CCM. Ofisi nyingi bado hudai kijikaratasi chake kwanza kwa mazoea, kwa kuwa anawajua watu. Mazoea hayo hayampi mamlaka ya kukunyima barua.

Barua hutoka ofisi ya serikali ya mtaa. Pale kuna watu wawili: mwenyekiti, aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama, na mtendaji wa mtaa, mwajiriwa wa halmashauri anayelipwa mshahara kuwahudumia wakazi wote. Mwendee mtendaji. Chukua kitambulisho cha NIDA au namba yake, mkataba wa pango, picha ndogo mbili, na namba ya nyumba iliyo kwenye kibao cha anwani za makazi. Nenda na mwenye nyumba wako, au majirani wawili wenye vitambulisho, waseme "tunaishi naye". Omba uandikwe kwenye rejesta ya wakazi siku hiyohiyo. Wageni wengi huisahau hatua hii, halafu mwaka mmoja baadaye wakifuata barua ya dhamana au ya mtoto kuanza shule wanaambiwa hawajulikani.

Ukitajiwa malipo, omba kumbukumbu namba au risiti ya mashine ya halmashauri. Pesa isiyo na risiti si ada. Ukikataliwa kwa sababu ya kadi, usibishane kaunta. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa kata: tarehe uliyokwenda, uliyemkuta, ulichoambiwa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Usipojibiwa, barua ya pili iende kwa mkurugenzi wa manispaa, ukiambatisha ile yenye muhuri. Mara nyingi jambo huishia kwa mtendaji wa kata, maana hakuna mtumishi anayependa maneno "kadi ya chama" yamfikie mkurugenzi kwa maandishi. Ukidaiwa rushwa, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Nataka kununua ekari tatu zenye mikorosho na kujenga kijijini Tandahimba, kwao mke wangu. Kijiji kimegawanyika, wengine wa mwenyekiti na wengine wanampinga, na AMCOS, ushirika wa wakulima wa korosho, nayo ina pande zake. Mimi nilikuwa wakala wa chama cha upinzani 2015 na watu wanakumbuka. Je, nitanyimwa ardhi? (Dereva, Masasi)

Hapa tutakaa kidogo, maana kijijini siasa, ardhi na korosho ni kitu kimoja.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mtu wa nje hanunui kwa kupeana mikono na mwenye shamba peke yake. Maombi hupita halmashauri ya kijiji, chombo cha wajumbe 15 hadi 25, na ugawaji wa ardhi huenda mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 anaingia, awe wa upande upi. Kwako hiyo ndiyo kinga. Kijiji kikiwa na pande mbili, shughuli iliyofanywa gizani na upande mmoja itapingwa na mwingine siku uongozi ukibadilika. Shughuli iliyosomwa mkutanoni, ikaingia kwenye muhtasari, ina mashahidi wa pande zote mbili. Uwakala wako wa 2015 utatajwa na mzungumzaji mmoja au wawili. Waache waseme. Ukijibu, kikao cha shamba kitageuka mkutano wa hadhara, na mwenyekiti atakiahirisha.

Hatari kubwa kuliko chama ni ukoo. Kwa Wamakonde, kama kwa Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo wa mama una nguvu, na shamba analolilima mwanamume huenda ni la mjomba wake au linasubiriwa na watoto wa dada zake. Sahihi ya mwuzaji bila mjomba ni nusu sahihi. Ita kikao cha familia kabla hujataja bei: mwuzaji, mke wake, mjomba au anayekaimu nafasi yake, na dada zake wakubwa. Waandike majina yao na waweke dole gumba. Kama kuna nyumba ya familia ndani ya eneo, ridhaa ya mke ni lazima kisheria.

Hatari ya tatu ni mikorosho yenyewe. Huku kusini mtu anaweza kukodisha au kuweka rehani miti bila kuuza ardhi. Mwuzaji anayekukimbiza mwezi wa Juni au Julai, mfuko ukiwa mtupu na msimu bado haujafika, mara nyingi ameshachukua fedha za mtu mwingine kwa miti hiyohiyo. Utajenga, na Oktoba utaamka ukute watu wanaokota korosho "zako" wakiwa na karatasi halali. Waulize majirani wa pande zote nne: "mwaka jana nani aliokota hapa?" Jina likiwa si la mwuzaji, mtafute mwenye jina hilo kabla ya kutoa senti.

Hesabu miti mwenyewe. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, ambayo hutoa miti kama 28 kwa ekari. Ekari tatu zilizopangwa vizuri zina miti 84 hivi. Ukiambiwa "ekari tatu, miti 150", ama imebanana na haitazaa vizuri, ama mpaka unaoonyeshwa umeingia kwa jirani. Tembea mpakani na hao majirani mchana, funga alama kwenye miti ya pembeni, chora mchoro wenye majina yao, nao waweke sahihi. Mpaka wa minyaa au mkonge unaonekana. Wa "hapa mpaka kwenye ule mwembe" ni kesi iliyochelewa tu.

Utaratibu wa karatasi ni huu: maombi ya maandishi kwa halmashauri ya kijiji, muhtasari wa kikao ulioridhia, muhtasari wa mkutano mkuu, mkataba wa mauziano, kisha maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo hutiwa sahihi na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji na kupitia kwa afisa ardhi wa wilaya, na nakala yake hukaa masijala ya ardhi ya kijiji. Usikubali nakala zote zibaki kwa mwenyekiti. Akiondoka, nyaraka nazo huondoka. Fedha toa kwa awamu mbili, ya pili baada ya muhtasari wa mkutano mkuu kuwa mkononi mwako. Mahali pengine watakudai asilimia 10 ya bei kama "haki ya kijiji". Uliza imeandikwa kwenye sheria ndogo ipi na italipwa kwa risiti gani, halafu nyamaza usubiri jibu.

Mgogoro ukitokea, kijiji kina baraza la ardhi la wajumbe saba, watatu wao wanawake. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata nalo husuluhisha tu, na hukumu hutafutwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu AMCOS: huo ni ushirika wenye bodi yake na wanachama wake, chini ya chama kikuu cha TANECU, nao si ofisi ya kijiji wala tawi la chama cha siasa. Pande unazozisikia mara nyingi ni za makato, malipo yaliyochelewa na nani alikuwa mpimaji. Vidonda vingine ni vya msimu wa 2018, serikali ilipoingia kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wengi wakasubiri fedha muda mrefu. Ukishapata shamba, jiandikishe kwa jina lako kwenye daftari la wakulima pale kijijini, na namba ya akaunti yako, kabla orodha ya pembejeo haijafungwa. Ukichelewa utakosa salfa ya ruzuku, dawa ya mikorosho, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, utakula maua, na utaapa kwamba umenyimwa kwa sababu ya 2015. Orodha hubandikwa. Kaisome, na jina lisipokuwepo dai wiki hiyohiyo. Na usiuze kangomba, yaani kwa wanunuzi wa kichochoro nje ya ushirika, hata kilo moja, hata kama jirani anauza mbele ya macho ya wote. Kosa la mwenyeji husamehewa, la mgeni mwenye historia ya siasa hutafutwa.

Jambo la mwisho ni maji. Uwanda wa Makonde ni mkavu, na bomba au kioski likisimamiwa na watu usiopatana nao utaiona siasa kila alfajiri ukiwa na ndoo. Jenga tangi. Paa la mita za mraba 60 hukusanya lita 60 kwa kila milimita moja ya mvua. Toa sehemu ya tano inayopotea, zibaki 48. Familia ya watu watano wanaotumia lita 20 kila mmoja huhitaji lita 100 kwa siku, yaani lita 18,000 kwa miezi sita ya kiangazi. Tangi la lita 20,000 linatosha, na milimita 420 hivi za mvua zitalijaza ikiwa hulichoti wakati linajaa. Weka mfereji wa bati pande zote mbili za paa. Wengi huweka mmoja, halafu hulaumu mvua. Maji ya kwanza ya msimu yamwage, yana vumbi la salfa na mavi ya ndege.

Mwenye nyumba wangu Mikindani amesimika mlingoti wa bendera ya chama mbele ya mlango wangu. Naweza kumzuia?

Kama mkataba hausemi kitu, nyumba ni yake na bendera ni yake. Ukihuisha mkataba, ongeza mstari kwamba eneo la mbele halitatumika kwa mikutano wala kuhifadhi vifaa vya kampeni. Bendera haikukeri usiku. Spika na viti 200 vitakukera.

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mpya Nachingwea. Kijiji ninachoishi watu wananivuta pande zote, na mwenyekiti ananiita "mwalimu wetu" kwenye mikutano ya chama. Nikae wapi?

Njema, mwalimu. Mtumishi wa umma anaruhusiwa kupiga kura na kuwa na chama moyoni. Haruhusiwi kufanya siasa saa za kazi, kutumia ofisi au vifaa vya shule kwa chama, wala kuvaa sare za chama kazini. Ukialikwa kwenye kikao, uliza swali moja tu: ni mkutano wa kijiji au wa chama? Wa kijiji una ajenda, na unaketi na wananchi wote. Wa chama, sema una kazi za kusahihisha. Mwalimu hakosi daftari.

Kama nafasi ipo, panga nyumba iliyo karibu na shule kuliko karibu na kijiwe au tawi la chama. Mwalimu anayeonekana barazani kwa mtu mmoja kila jioni hupewa chama hata kama walikuwa wanacheza bao. Na usikubali kuishi bure kwenye nyumba ya kiongozi. Lipa, hata kidogo, upate risiti.

Tumehamia Lindi, mtaa wote una kundi la WhatsApp. Ni la taka na ulinzi, lakini usiku linageuka la siasa. Mume wangu anataka tutoke, mimi naona tutakosa taarifa za misiba. (Mama Lishe, Lindi)

Usitoke, dada. Zima sauti ya kundi, na usisambaze chochote usichokijua chanzo chake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 humshika anayechapisha taarifa za uongo kwa makusudi ya kudanganya, na "nimeforwadi tu" ni utetezi mwembamba. Mwombe msimamizi afungue kundi la pili la tangazo, ambalo yeye na mtendaji pekee wanaandika: maji, taka, ulinzi, msiba. Wapenda siasa wabaki na lao la usiku.

Halafu msitegemee simu kwa misiba. Jiungeni na kikundi cha kuzikana cha mtaa. Kabla ya kutoa kiingilio, ombeni kuona katiba yake: mchango kwa msiba ni kiasi gani, unahusu mume, mke, watoto, au hadi wazazi walio mbali, na mtu akichelewa miezi mingapi anafutwa. Angalieni pia watia sahihi wa akaunti. Wakiwa watatu na hawatoki nyumba moja wala tawi moja, wekeni majina yenu. Mkishaingia, mume aende makaburini na wewe uende jikoni kwenye kila msiba wa mtaa, wa aliyewapigia kelele kwenye kundi na wa aliyenyamaza, na mchango wenu uandikwe daftarini mbele yenu.